Kwa nini nakuomba unipigie simu alfajiri

Jumatano iliyopita, saa 6 mchana, mama mmoja wa Isongole, wilayani Rungwe, alinipigia simu. Mimi ni mhimilishaji: kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zilizogandishwa kwenye mirija midogo. Ng'ombe wake, chotara wa Friesian mwenye uzao mmoja, alikuwa amerudia joto, yaani hajashika mimba, kwa mara ya tatu. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, hizo mbegu unazobeba kwenye mtungi, ni nzima kweli?"

Nikamwambia ni nzima, kisha nikamuuliza joto ameliona lini. Akasema ameliona jana, tangu asubuhi. Ng'ombe alikuwa analia, majani hayagusi, anazungukazunguka bandani. Lakini jana hiyo ndiyo siku lori la viazi lilipokuja kupakia, shughuli zikamzidi, akasema atapiga jioni, na jioni simu ikawa haina chaji. Leo mchana ndipo ameipata nafasi.

Swali lake lilistahili jibu refu kuliko nililompa nikiwa nimeegesha pikipiki kando ya barabara. Na si yeye peke yake anayeuliza. Kuanzia Ntokela hadi Tukuyu, kila wiki naulizwa swali hilo hilo kwa maneno tofauti, na nawaelewa wanaouliza. Umelipa, umesubiri wiki tatu, umemlisha ng'ombe asiyetoa maziwa, halafu anaanza kulia tena usiku. Lazima utafute kosa liko wapi. Naomba unisikilize nikueleze mbegu yenyewe ilivyo, maana ukishaijua utaona kwa nini kila siku nawasumbua na habari ya saa.

Mbegu haina akiba

Ofisini kwetu Kiwira tuna hadubini. Mrija mmoja wa mbegu tukiuyeyusha na kudondosha tone kwenye kioo, unaona vitu vidogo vyenye kichwa na mkia vinakimbia huku na huko kama viluwiluwi kwenye dimbwi. Mtu wa kwanza kuandika habari zake alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft kule Uholanzi, mwaka 1677, kwa lenzi alizosaga mwenyewe. Ni vidogo mno. Mbegu za dume la ng'ombe zikipangwa mstari mmoja, kichwa kwa mkia, zinahitajika kumi na kitu ndipo zifike milimita moja.

Kichwani kuna urithi wa dume: nusu ya kromosomu zake, 30 kati ya 60, zimekunjwa na kubanwa sana ili zichukue nafasi ndogo. Juu ya kichwa kuna kifuniko chenye vimeng'enya, yaani kemikali za mwili za kuyeyushia vitu, ambavyo kazi yake nitaieleza tukifika kwenye yai. Shingoni zimejipanga mitokondria, zile injini ndogo za kuzalisha nguvu, na nyuma kuna mkia wa kusukuma. Basi. Hakuna kingine cha maana.

Hapo kwenye "hakuna kingine" ndipo ningependa tukae kidogo. Chembe nyingine za mwili, ya ngozi au ya ini, zimejaa ute wenye kila kitu: vyombo vya kutengeneza protini, akiba ya chakula, mafundi wa kurekebisha kilichoharibika. Mbegu ilipokuwa inatengenezwa kwenye korodani ilivitupa karibu vyote hivyo ili iwe nyepesi. Haiwezi kutengeneza protini mpya. Haiwezi kuziba utando wake ukipasuka. Ukijikata kidole unapona, lakini mbegu ikijeruhiwa, kwa baridi, kwa joto, kwa maji, kwa sabuni, imekwisha. Hakuna dawa nitakayoipa ikarudi.

Kutengenezwa kwake nako si kazi ya siku moja. Kwa dume la ng'ombe, tangu chembe mama inapoanza kugawanyika hadi mbegu kamili zinatimia siku 61, kisha mbegu inapita siku nyingine kama kumi kwenye mrija uliojisokota nyuma ya korodani, ikikomaa na kujifunza kuogelea. Jumla ni zaidi ya miezi miwili. Na kazi yote hiyo inataka ubaridi. Mwili wa ng'ombe una nyuzi joto 38.5 hivi, lakini korodani zinatakiwa ziwe chini ya hapo kwa nyuzi kadhaa, ndiyo maana zinaning'inia nje. Damu inayoshuka kwenda huko hupozwa kwanza na mishipa inayopanda ikitoka huko.

Wafugaji wenye madume yao naomba mlishike hili. Dume likiugua ndigana likapata homa kali, ukalitibu, likapona, likanawiri, bado mbegu zilizokuwa zinatengenezwa wakati wa homa zimeungua. Mwezi mzima baadaye, hata miwili, dume linapanda vizuri kabisa na majike hayashiki. Watu huanza kulaumu majike. Hesabu siku tangu homa, utapata jibu.

Hesabu ya saa

Sasa turudi kwa mama wa Isongole na lori la viazi.

Ng'ombe ana mzunguko wa siku 21, wengine 18, wengine 24. Siku ya joto lenyewe, kule kusimama akubali kupandwa na wenzake, hudumu kama saa 12 hadi 18, na wapo wa saa chache zaidi, hasa hawa wetu wanaotoa maziwa mengi. Yai halitoki wakati wa joto. Linatoka baada ya joto kuisha, kwa kawaida saa 10 hadi 14 baadaye. Likishatoka, uhai wake wa maana ni wa saa chache tu, 6 hadi 12 hivi.

Wengi wakisikia hivyo wanasema basi tupandishe yai likitoka. Hapana, na sababu yake ilichelewa kujulikana hata kwa wataalamu. Mwaka 1951 watu wawili waliokuwa mbali kabisa, Min Chueh Chang akiwa Marekani na Colin Austin akiwa Australia, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba mbegu iliyotoka tu kwa dume haiwezi kurutubisha yai hata ukiiweka pembeni yake. Lazima ikae kwanza ndani ya njia ya uzazi ya jike kwa saa kadhaa. Humo ute wa jike huivua koti la protini na mafuta lililoifunika, utando wake unalainika, kalsiamu inaanza kuingia mkiani, na ndipo inapopata nguvu ya kupiga mkia kwa kishindo. Kabla ya hapo inaogelea tu, kama kijana aliyefika ukweni ambaye hajakaribishwa ndani.

Kwa ng'ombe hesabu nzuri ni kuzipa mbegu saa 6 hadi 8 za kusafiri na kukomaa. Na safari yenyewe ni ngumu. Kwenye mrija mmoja tunaweka mbegu milioni 15 hadi 20 hivi. Nyingi zinarudi nyuma na ute, nyingine zinaliwa na askari wa mwili wa jike, nyingine zinapotea kwenye pembe ya kizazi isiyo na yai. Zinazofika mwanzo wa mrija wa yai ni maelfu machache. Hapo zinajishika ukutani, zinatulia, zinasubiri. Ukuta huo unazitunza, unazipunguzia kasi ili zisimalize nguvu. Yai likikaribia kutoka, zinaanza kuachia chache chache na kupanda juu kulipokea. Mwili wa jike umejipangia hivyo wenyewe: mbegu zitangulie, yai lizikute.

Chukua mfano. Ng'ombe ameanza kusimama Jumatatu saa 12 asubuhi. Yai litatoka kwa makadirio Jumanne, saa 4 asubuhi hivi. Ukinipigia Jumatatu asubuhi, nakuja Jumatatu saa 12 jioni. Kufika saa 8 usiku mbegu zimeshajipanga, zimekomaa, zina nguvu, na yai linazikuta hapo. Hiyo ndiyo kanuni tunayoisema kila siku, joto la asubuhi pandisha jioni, joto la jioni pandisha kesho asubuhi, na haikutoka hewani: ilipatikana katika miaka ya 1940 kwa kazi ya Trimberger kule Nebraska, Marekani, ambaye alipandisha ng'ombe kwa saa tofauti tofauti na kuangalia nani ameshika. Yeye aliona matokeo kabla ya sababu kujulikana.

Ukinipigia Jumanne saa 6 mchana, kama mama yangu wa Isongole alivyofanya kwa ng'ombe wake, yai limeshatoka saa mbili nyuma. Hata nikifika papo hapo, mbegu zitakuwa tayari kuanzia saa 12 jioni, na yai limeshachakaa. Na kibaya zaidi, yai lililochakaa wakati mwingine hurutubishwa. Yai zima likishaingiwa na mbegu moja hubadilisha ganda lake papo hapo, nyingine zisipite. Lililozeeka hufunga mlango kwa ulegevu, zinaingia mbili, na kiinitete hicho hakina maisha. Kinakufa kabla hujajua kilikuwepo. Chelewa chelewa, wahenga walisema, utamkuta mwana si wako. Hapa unamkuta hayupo kabisa.

Na kuwahi mno nako kuna hasara yake. Mbegu iliyogandishwa haiishi ndani ya jike kama ile mbichi ya dume. Ukinilazimisha nipandishe Jumatatu saa 1 asubuhi, kwa kuwa tu napita jirani, mbegu zinasubiri zaidi ya siku nzima, na nyingi zitakuwa zimekufa yai likitoka. Ndiyo maana kuna siku nafika kwako asubuhi, nakunywa chai, naangalia ng'ombe, nasema nitarudi jioni. Nisamehe mwendo, lakini sipotezi mrija wako.

Kumbe basi ombi langu la alfajiri lina sababu moja. Ng'ombe wengi huonyesha joto usiku na kukikaribia kucha. Ukimwona saa 11 alfajiri na kunipigia saa 12, siku yote iko mbele yetu.

Na mwenye ng'ombe mmoja bandani ana kazi zaidi, kwa sababu hakuna mwenzake wa kumpanda ili umwone amesimama. Angalia ute: wa joto ni mwepesi, unang'aa, unaning'inia kama ute wa yai la kuku, unaukuta mkiani au sakafuni alipolala. Angalia maziwa ya asubuhi kama yamepungua ghafla. Sikiliza sauti. Mpe dakika 20 alfajiri, 20 mchana, 20 kabla ya kulala. Ukiona damu kidogo mkiani, usiniite: hiyo hutoka siku moja hadi tatu baada ya joto kupita, hasa kwa mitamba. Andika tarehe, na kuanzia siku ya 17 au 18 anza kuangalia.

Baridi ya Juni na gliserini

Mama aliuliza kama mbegu zangu ni nzima, na sijamjibu sawasawa bado. Nikijibu kwa haki, nianze kwa kusema kwamba karibu nusu ya mbegu hufa wakati wa kugandishwa, hata kwenye kituo bora. Ndiyo sababu mrija una mamilioni. Dume la Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha, akitoa shahawa mara moja, mililita tano hadi nane, hupatikana mirija mamia, na kila mrija umekadiriwa ubaki na mbegu hai za kutosha baada ya hasara hiyo.

Zamani zilikuwa zinakufa karibu zote. Tatizo lilikuwa barafu: maji yaliyo ndani ya chembe yakiganda yanakuwa kama vipande vya kioo, yanachana utando. Mwaka 1949, Mill Hill mjini London, Chris Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wanajaribu kugandisha mbegu za jogoo kwa maji ya sukari bila mafanikio, kisha chupa moja ikaleta matokeo mazuri yasiyoelezeka. Walipoipima wakakuta haikuwa ile waliyoidhania. Lebo zilikuwa zimechanganyika, na chupa ilikuwa na gliserini. Ni gliserini hii hii tunayopaka midomoni huku kwetu ikipasuka kwa baridi ya Juni. Inaingia ndani ya chembe, inachukua nafasi ya maji, barafu kali haijengeki. Kila ndama wa mrija wilayani Rungwe ana deni kwa chupa ile.

Mirija yetu inakaa ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hapo mbegu haizeeki. Inaweza kukaa miaka mingi ikatoka na nguvu zile zile. Hatari iko kwenye kupanda na kushuka. Nikiuinua mrija juu ya shingo ya mtungi nikakawia kuuchagua, sekunde kumi zinatosha kuanza kuharibu, na nikiurudisha ndani haurudi ulivyokuwa. Niliwahi kujifunza hilo vibaya sana. Mwaka wangu wa pili wa kazi sikupima kina cha naitrojeni kwa wakati, kikashuka chini ya mirija kwa siku ambazo mpaka leo sizijui idadi yake. Nilijaza tena, nikaendelea. Mrija ulioharibika na mrija mzima vinafanana kabisa kwa macho. Wiki ile nilipandisha ng'ombe kwa saa sahihi, kwa mikono safi, na wakarudia mmoja baada ya mwingine. Niliwarudia wenye ng'ombe nyumba kwa nyumba, nikawaambia kosa ni langu, nikapandisha upya bure. Tangu hapo kina cha mtungi kinapimwa kila Jumatatu na Alhamisi kwa kijiti, kinaandikwa kwenye daftari, na daftari liko mezani kwa yeyote anayetaka kuliona. Na kila kundi jipya la mirija tunayeyusha mmoja na kuutazama kwenye hadubini kabla haujaenda kwa ng'ombe wa mtu.

Nikija kwako, niangalie mikono. Maji ya kuyeyushia yawe nyuzi joto 35 hadi 37, na nina kipimajoto cha kuyapimia, sikadirii kwa kidole. Mrija ukae humo angalau sekunde 40. Nikiutoa niufute ukauke kabisa kabla sijaukata, kwa sababu tone moja la maji likiingia mbegu zinavimba na kupasuka. Kisha, na hapa ndipo nyanda zetu za juu zinapotutofautisha na wenzetu wa Kyela, bunduki ya kupandishia, kile chuma chembamba kinachobeba mrija, iingie ndani ya koti langu, igusane na mwili. Asubuhi ya Julai pale Isongole, au kwa wenzetu wa Makete karibu na Kitulo ambako majani yanaamka na umande ulioganda, mbegu iliyotoka kwenye maji ya nyuzi 37 ikipita hewani mita ishirini hadi bandani inapata mshtuko wa baridi ambao utando wake hauwezi kustahimili. Umeyeyusha vizuri, umeua njiani. Ukimwona mhimilishaji yeyote, mimi au mwingine, ametoka ameshika bunduki wazi mkononi kwenye baridi ile, msimamishe. Una haki hiyo.

Na jambo moja naomba kwa akina mama wanaotupokea kwa usafi mwingi: usimwoshe ng'ombe nyuma kwa sabuni nikiwa nimeshayeyusha. Sabuni na maji ni adui. Mimi napangusa kwa karatasi kavu, inatosha.

Pale ambapo si mbegu wala saa

Yapo mambo ambayo saa nzuri na mbegu nzuri haziwezi kuyaponya. Kiinitete kikishashuka kwenye kizazi, siku ya nne au ya tano, kinaelea bila kujishika, na kufikia siku ya 16 hivi lazima kiwe kimekua vya kutosha kupeleka ishara kwa mama yake kwamba kipo. Ishara ikiwa dhaifu, kizazi kinaamini hakuna kitu na kinaanza mzunguko mpya. Ng'ombe aliyekonda, aliyezaa na kukamuliwa sana kwa majani matupu ya kiangazi, bila pumba, bila mashudu, bila jiwe la madini, hana nguvu ya kukikuza. Kwa hiyo nakataa kupandisha kabla ya siku 60 baada ya kuzaa, na namkataa ng'ombe ambaye mbavu zake nazihesabu nikiwa getini. Tukubaliane kwanza kuhusu chakula.

Akirudia mara tatu kwa saa sahihi, sipandishi tena. Namwita daktari wa mifugo apime kizazi, kwa sababu inaweza kuwa uchafu uliobaki baada ya kondo kukwama, uvimbe kwenye vifuko vya mayai, au ugonjwa. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume nae mwangalie mapema: wengi mno kati yao ni tasa, kwa kuwa tumboni damu zao zilichanganyika na homoni za kaka yake zikaharibu kizazi chake. Kuna mzee mmoja wa Mwakaleli alimlisha wa namna hiyo miaka mitatu.

Kuhusu dume la kijiji sitasema uongo ili nipate wateja. Dume hakosei saa, anaijua kuliko mimi, na anatoa mabilioni ya mbegu mbichi. Lakini dume anayezunguka banda kwa banda hubeba magonjwa ya zinaa ya ng'ombe, trikomonasi na vibriosi, ambayo yeye hayamuumizi hata kidogo huku majike yakirudia na kutupa. Na baada ya miaka michache anakuwa anapanda mabinti zake.

Jike au dume

Mara nyingi nasikia: "Huyu ng'ombe wangu anazaa madume tu, nimuuze." Usimuuze kwa sababu hiyo. Yai lina kromosomu ya X siku zote. Mbegu ndiyo inayobeba ama X, ya kuleta jike, ama Y, ya kuleta dume, nusu kwa nusu, na inayofika kwanza na kupenya ndiyo inayoamua. Kile kifuniko chenye vimeng'enya nilichokitaja mwanzo hufunguka kwenye ganda la yai, mkia unasukuma, na wakati huo huo jinsia imeshajulikana. Jike hana mchango katika hilo. Kwa binadamu mambo ni hayo hayo, na nalisema kwa kusudi, maana nimekaa barazani kwa watu nikasikia mke anasemwa kwa kuzaa mabinti.

Mirija ya mbegu zilizochambuliwa kwa jinsia tunayo kwa oda. Mbegu yenye X ya ng'ombe ina vinasaba vizito zaidi kwa karibu asilimia 4, na mashine inaitambua kwa tofauti hiyo ndogo. Ukiutumia mrija huo, ndama wa kike hupatikana kwa takriban asilimia 90. Lakini mbegu hizo zimepita misukosuko mingi, na mrija una kama milioni 2 tu badala ya 20. Uwezekano wa kushika unapungua. Nakushauri utumie kwa mtamba mwenye afya ambaye joto lake umeliona kwa macho yako, na kwake tunachelewa kidogo kuliko kawaida. Kwa ng'ombe aliyekwisha kurudia mara mbili sikuuzii, hata ukinibembeleza.

Ukinipigia, niambie mambo matatu: umemwona saa ngapi, umeona nini, alizaa lini. Akirudia ndani ya siku 24 na uliita kwa wakati, narudi mara ya pili bila gharama ya huduma, unalipia mrija. Baada ya siku 60 naja kupima mimba kwa mkono, na hiyo imo ndani ya malipo ya mwanzo. Mpaka nimepima, asichomwe sindano yoyote ya kushusha au kuleta joto, maana ikimkuta na mimba inaitoa.

Yule mama nilimwambia Jumatano ile sitapandisha. Alisikitika, akasema hela anayo mkononi. Nikamwambia aitunze. Joto alilionyesha Jumanne, kwa hiyo linategemewa karibu na Jumanne ya wiki ya tatu, na siku ya 18 inaangukia Jumamosi kabla yake. Ameandika tarehe hiyo kwa mkaa kwenye ubao wa mlango wa banda, na mjukuu wake wa darasa la sita ndiye atakayeamka na tochi. Simu nimemwomba ailaze kwenye chaji Ijumaa usiku.